Maswali ya Wasomaji: Magari ya Spoti ya Zamani, Vifaa vya Moshi na Usajili Nchini Marekani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wetu waishio Marekani ambao wamenunua, au wanataka kununua, magari ya spoti ya zamani yaliyotoka Japani na Ulaya. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Natanguliza jambo moja kwa kuwa litajitokeza katika karibu kila jibu. Mkaguzi wa Marekani, na hasa wa California, haridhiki na kujua kwamba moshi wa gari ni msafi. Hutaka pia kujua gari hilo lilithibitishwa likiwa na vifaa gani lilipotoka kiwandani, na kama vifaa hivyo bado vipo mahali pake. Wengi walioandika kwa uchungu walikwama kwenye sehemu hiyo ya pili.

Skyline imeshapita miaka 25, mbona naambiwa haisajiliki?

*Ndugu Mhariri, naishi Los Angeles. Nimeipata Nissan Skyline GT-R ya mwaka 1991 kwa mtu aliyeko Texas, ambako imesajiliwa kihalali na ina namba. Muuzaji anasema gari likishatimiza miaka 25 serikali hailidai chochote. Rafiki yangu ambaye ni fundi ananiambia nisithubutu kulipa. Nimsikilize nani?*

Msikilize fundi. Muuzaji hakukudanganya, ila amekueleza nusu ya habari, na nusu hiyo inatosha mtu wa Texas lakini haimtoshi mtu wa California.

Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la nchi nyingine hukutana na mamlaka tatu zisizotegemeana. Ya kwanza ni NHTSA, idara ya shirikisho inayosimamia usalama barabarani, ambayo hudai gari litimize viwango vya taa, mikanda, vioo na mengineyo vilivyoanza kutumika Januari 1, 1968. Idara hii ndiyo inayosamehe gari likitimiza miaka 25. Ya pili ni EPA, shirika la shirikisho la kulinda mazingira, ambalo kwa upande wa moshi husamehe gari lililotimiza miaka 21, kwa sharti kwamba liwe katika hali yake ya asili, bila injini au mfumo wake kugeuzwa kuwa kitu kingine. Ya tatu ni jimbo unakoishi, na hapo ndipo hadithi yako inapobadilika.

Kabla sijafika huko, nieleze kitu ambacho wanunuzi wengi hukosea. Miaka 25 haihesabiwi kwa mwaka wa modeli unaotajwa kwenye tangazo, bali kwa mwezi ambao gari lilitengenezwa. Skyline ya toleo la R34 iliyotoka kiwandani Novemba 2001 inatimiza umri huo Novemba 2026, hata kama mwenzake wa Machi 2001 ameshaingia nchini miezi minane kabla. Gari likifika bandarini mapema, forodha ina haki ya kulizuia, na mwenyewe anaweza kulazimika kulirudisha lilikotoka au kuliharibu. Anayenunua gari ambalo limekwisha kuingia adai nakala za nyaraka za kuingilia: fomu HS-7 ya NHTSA, fomu 3520-1 ya EPA, na fomu 7501 ya forodha. Gari lililoingia kihalali lina karatasi hizi, na muuzaji asiyeweza kuzionyesha amekwisha kukujibu swali ambalo hukumuuliza.

Sasa California. Jimbo hili lilianza kudhibiti moshi wa magari kabla ya serikali ya shirikisho, na sheria ya shirikisho ya hewa safi inaliruhusu kuwa na viwango vyake. Kwa hiyo msamaha wa miaka 21 au 25 haulifungi. Gari la miaka ya tisini kama hilo, ambalo halikutengenezwa kwa viwango vya Marekani, lazima lipelekwe kwenye maabara yenye leseni ya bodi ya hewa ya California, inayojulikana kwa kifupi CARB, lifanyiwe marekebisho, lipimwe, na lipewe cheti. Baada ya hapo hukaguliwa na kituo cha waamuzi wa moshi kinachosimamiwa na idara ya jimbo ya matengenezo ya magari. Texas haina hatua hizo: hata katika kaunti zake zinazopima moshi, vipimo huwahusu magari ya miaka 2 hadi 24 tu, na ukaguzi wa usalama wa magari ya kawaida uliondolewa tangu Januari 1, 2025. Ndiyo maana gari lile lile lina namba halali huko na halina pa kuegeshwa kihalali barabarani kwako.

Usidhani kipimo cha maabara ni kile cha dakika chache kinachofanyika kwenye vituo vya mitaani. Gari hulazwa bila kuwashwa kwa saa zisizopungua 12, kisha huwashwa likiwa baridi na kuendeshwa juu ya rola kwa ratiba maalumu ya takriban maili 11, huku moshi wote ukikusanywa kwenye mifuko na kupimwa kwa gramu. Moshi mwingi mchafu hutoka katika dakika za mwanzo, injini ikiwa baridi na katalisti, yaani chombo cha kwenye bomba la moshi kinachosafisha gesi chafu, haijapata joto la kufanya kazi. Injini ya GT-R ya lita 2.6 yenye turbo mbili ilitoka Japani na katalisti na sensa ya oksijeni, lakini ilithibitishwa kwa ratiba ya Kijapani, ambayo si hii. Kwa hiyo mara nyingi maabara hulazimika kubadilisha katalisti, kuongeza au kurekebisha mfumo wa kunasa mvuke wa petroli, na kugusa kompyuta ya injini, kisha kurudia vipimo hadi gari lipite. Kazi hiyo ni ghali, na maabara zenye leseni ni chache.

Ushauri wangu ni huu: kama umeamua kuishi California na unataka Skyline, tafuta iliyokwisha kupata cheti cha California, hata kama bei yake imezidi ile ya Texas kwa kiasi kikubwa. La sivyo, zipo Nissan 300ZX za turbo mbili za miaka hiyo hiyo zilizouzwa Marekani zikiwa zimethibitishwa tangu kiwandani. Si Skyline, nakubali, lakini utaiendesha.

Datsun ya mwaka 1972

*Mhariri, nimerithi Datsun 240Z ya mwaka 1972 hapa San Diego. Je, nitaipeleka kwenye kipimo cha moshi kila baada ya miaka miwili kama gari langu jingine?*

Hapana. California haiyapimi magari ya petroli ya modeli ya mwaka 1975 na ya kabla yake, na mpaka huo umesimama hapo hapo. Hausogei mbele kadiri miaka inavyopita, kama wengi wanavyotumaini.

Hata hivyo, kusamehewa kipimo si ruhusa ya kung'oa vifaa. Sheria ya magari ya jimbo bado inakataza kuendesha gari ambalo vifaa vyake vya kudhibiti moshi vilivyohitajika kisheria vimeondolewa. Katika gari lako vifaa hivyo ni vichache na havina madhara kwa injini, vikiwa ni pamoja na valvu inayorudisha mvuke wa mafuta ya injini ndani ya silinda, na mfumo unaozuia mvuke wa petroli usitoke kwenye tangi. Viache. Ile valvu ya kwanza hata huisaidia injini, kwa kuwa bila yake maji na asidi hujikusanya kwenye oili.

Alfa Romeo iliyobadilishwa kabureta

*Ndugu Mhariri, nina Alfa Romeo Spider ya mwaka 1978 niliyoinunua ikiwa imekwisha kufungwa kabureta mbili za Weber. Injini inanguruma vizuri na moshi wake umepimwa na kuonekana uko chini ya kiwango, lakini kituo kimeifelisha kwa kile walichokiita ukaguzi wa macho. Nawezaje kufelishwa na gari linalotoa moshi safi?*

Barua yako ndiyo iliyonifanya nitangulize maelezo yale ya mwanzo. Kipimo cha California kina sehemu tatu, na kufeli moja ni kufeli zote. Kuna moshi unaotoka kwenye bomba. Kuna ukaguzi wa utendaji, ambapo hutazamwa mambo kama taiming (wakati ambao plagi hutoa cheche), kifuniko cha tangi na, kwa magari ya modeli za 1976 hadi 1995, kama mfumo wa petroli unavujisha mvuke. Halafu kuna ukaguzi wa macho, ambapo mkaguzi hufungua boneti na kulinganisha anachokiona na lebo ya moshi iliyobandikwa humo na kiwanda. Lebo hiyo inataja vifaa vyote: kama gari lilitoka na pampu ya hewa, na valvu ya kurudisha moshi kidogo ndani ya injini, na katalisti, na mfumo upi wa kulisha petroli. Kipuri mbadala kinachogusa moshi hukubaliwa tu kama kina namba ya kibali cha CARB kwa gari hilo hilo.

Gari lako lilitoka kiwandani na mfumo wa kulisha petroli uitwao Spica. Alfa waliutumia Marekani tangu modeli za 1969 hadi 1981, walipoona kwamba kabureta zao hazingepita viwango vya shirikisho bila kuikaba injini. Ni pampu ya kimakanika, jamaa wa pampu za dizeli, yenye pistoni ndogo nne zinazopeleka petroli kwa kila silinda, na ndani yake kuna kamu yenye umbo la pande tatu inayokadiria kipimo kulingana na mwendo wa injini na jinsi mguu ulivyokanyaga. Mafundi wengi waliiogopa, wakaing'oa na kufunga Weber. Mimi naona waliionea. Pampu yenyewe hudumu. Kinachoharibika mara nyingi ni kile kifaa kidogo cha joto kinachoieleza pampu kwamba injini imeshapata moto. Kikivuja, pampu huendelea kumwaga petroli nyingi kana kwamba ni asubuhi ya baridi, plagi zikawa nyeusi, na lawama zikaangukia pampu.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kurudisha Spica yote, pamoja na kila kitu kinachotajwa kwenye lebo. Wapenzi wa Alfa huuziana pampu za zamani zilizofanyiwa matengenezo, kwa hiyo si kazi isiyowezekana, ingawa itakuhitaji fundi anayeujua mfumo huo na si anayetaka kujifunzia kwako. Njia hii ndiyo inayokurudishia gari la kawaida, la kwenda nalo popote siku yoyote.

Ya pili ni kifungu cha sheria kinachohusu magari ya wakusanyaji. Gari lililofikisha miaka 35 ya modeli, lenye bima ya gari la mkusanyaji, linaweza kupelekwa kwa mwamuzi wa moshi na kusamehewa ukaguzi wa macho na wa utendaji, mradi moshi wake upite viwango vya mwaka wake, kifuniko cha tangi kipite, na mwamuzi asione petroli ikivuja. Kwa kuwa moshi wako umepita, hapo una matumaini. Lakini soma sharti la matumizi kabla hujafurahi: gari liwe hasa la maonyesho, gwaride, shughuli za hisani na hifadhi, lisiwe chombo chako cha usafiri wa kila siku. Ukilitumia kwenda kazini Jumatatu hadi Ijumaa, umejiweka mahali pabaya mbele ya sheria, na mbele ya kampuni ya bima pia.

Mazda RX-7 inayofeli kwa hidrokaboni

*Mheshimiwa Mhariri, RX-7 yangu ya mwaka 1985 ina vifaa vyote vya asili, hakuna kilichoondolewa. Imefeli mara mbili kwa hidrokaboni nyingi. Fundi anataka kubadilisha katalisti. Je, nimruhusu?*

Asiianze hiyo. Katalisti huharibika, lakini kwa kawaida huuawa na tatizo jingine, na ukiweka mpya bila kuliondoa tatizo hilo, nayo itakufa.

Tuanze na maana ya namba zilizo kwenye karatasi yako. Kituo hupima gesi tatu. Hidrokaboni ni petroli iliyotoka bila kuungua. Monoksidi ya kaboni ni dalili kwamba petroli imekuwa nyingi kuliko hewa, ikaungua nusu. Oksidi za nitrojeni huzaliwa pale joto ndani ya chumba cha kuchomea linapopanda mno, kwa hiyo huongezeka taiming ikiwa mbele, mchanganyiko ukiwa na hewa nyingi, au valvu ya kurudisha moshi ikiziba. Ukiona hidrokaboni ziko juu na monoksidi iko juu pia, petroli ni nyingi. Ukiona hidrokaboni ziko juu peke yake, fikiria plagi, waya, au injini inayoruka moto. Hukuniandikia monoksidi yako ilikuwa ngapi; itazame kabla ya kutoa hata senti.

RX-7 yako ina injini ya rota, ambayo badala ya pistoni hutumia vipande vya pembetatu vinavyozunguka, nayo ina udhaifu wake wa kuzaliwa. Chumba chake cha kuchomea ni kirefu na chembamba, kina eneo kubwa la ukuta ukilinganisha na ujazo wake, kwa hiyo moto huzimika karibu na kuta na petroli hubaki bila kuungua. Aidha, pampu ya oili hudondosha mafuta kidogo ndani kwa makusudi ili kulainisha sili za rota, na mafuta hayo nayo huungua. Mazda walilijua hilo tangu mwanzo. RX-7 za kwanza, hadi modeli ya 1980, hazikuwa na katalisti bali chungu kikubwa cha chuma kilichofungwa mahali moshi unapotokea, ambamo petroli iliyosalia iliunguzwa kwa joto lake yenyewe pamoja na hewa iliyosukumwa na pampu. Porsche nao walitumia vyungu vya aina hiyo kwenye 911 za lita 2.7 za katikati ya miaka ya sabini, na joto lake likaziumiza injini zile zilizopozwa kwa hewa kiasi kwamba hadi leo mnunuzi makini wa 911 za miaka hiyo huulizia kwanza bolti za vichwa vya silinda. Tangu 1981 RX-7 ikahamia kwenye katalisti.

Lakini katalisti ya kuunguza hidrokaboni haifanyi kazi bila oksijeni, na katika gari lako oksijeni hiyo huletwa na pampu ya hewa iliyo mbele ya injini. Hapo ndipo fundi wako angepaswa kuanzia. Mkanda wa pampu umekaza? Pampu inasukuma hewa? Valvu inayoigawa hewa hiyo inaipeleka kwenye moshi, au imekwama na kuimwaga nje? Mipira ya vakyumu (mvuto wa hewa utokao kwenye injini) inayoiamuru valvu hiyo ina umri wa gari, na mpira mmoja uliopasuka unatosha kukunyima cheti. Nimeona karatasi za vipimo ambapo kubadilisha mipira ya vakyumu pekee, ambayo haizidi thamani ya chakula cha mchana, kulishusha hidrokaboni chini ya kiwango. Baada ya hapo badilisha plagi, zote nne, kwa kuwa kila rota ina mbili, angalia taiming, badilisha oili, maana oili iliyochanganyika na petroli hutoa mvuke unaorudi kwenye injini na kuhesabiwa kama moshi.

Siku ya kipimo, endesha gari kwenye barabara kuu kwa dakika 20 hivi kabla ya kufika kituoni, na usilizime ukiwa kwenye foleni. Katalisti huanza kufanya kazi ya maana inapofika karibu nyuzi 300 za Selsiasi, na ya gari la zamani hupoa upesi. Katika maeneo mengi ya miji mikubwa ya California, gari la umri wako litapimwa juu ya rola kwa mwendo wa maili 15 na kisha 25 kwa saa, si likiwa limesimama tu, kwa hiyo magurudumu ya nyuma yawe na upepo wa kutosha.

Yote hayo yakiwa sawa na gari bado likafeli, hapo mruhusu fundi abadilishe katalisti, na ahakikishe mpya ina namba ya kibali cha CARB inayolitaja gari lako kwa mwaka na injini. Tangu Januari 1, 2009 haikubaliki California kufunga katalisti mbadala isiyo na kibali hicho, hata kama inakubalika katika majimbo mengine. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini mtandaoni ni za kundi hilo la pili.

Ferrari ya Ulaya iliyoko Marekani tangu miaka ya themanini

*Ndugu Mhariri, naishi New Jersey. Natazama Ferrari 308 ya mwaka 1983 ambayo muuzaji anasema ni ya Ulaya, ina nguvu zaidi kuliko za Marekani, na ililetwa na mwenye gari wa kwanza. Je, ni bahati au ni mtego?*

Inawezekana ikawa vyote viwili. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya themanini dola ilikuwa na nguvu sana, na Wamarekani wengi waliona ni nafuu kununua gari Ulaya, kulisafirisha, na kulifanyia marekebisho nchini kuliko kulinunua kwa wakala. Karakana nyingi zilizuka kwa ajili ya kazi hiyo. Baadhi zilifanya kazi ya uhakika: ziliimarisha milango, zikabadilisha taa, zikafunga katalisti na pampu za hewa. Nyingine zilifunga vifaa kwa ajili ya kupita kipimo, zikavifungua siku ya pili yake. Sheria ya mwaka 1988 ndiyo iliyofunga mlango huo kwa sehemu kubwa, ikaweka utaratibu wa waagizaji waliosajiliwa, na msamaha wa miaka 25 tunaoujua leo ukazaliwa humo humo.

Kuhusu nguvu, muuzaji hasemi uongo. Ferrari za 308 za Marekani zilipunguzwa nguvu na vifaa vya moshi na mgandamizo mdogo wa injini, na tofauti ilionekana wazi kwenye zile za mwanzo za kabureta. Lakini mwaka 1983 uko ndani ya enzi ya injini za valvu nne kwa silinda, ambapo tofauti ilikuwa imepungua. Kwa hiyo usilipie nguvu ambayo hutaihisi.

Lipia karatasi. Wakati ule mwenye gari aliweka dhamana forodhani, na dhamana hiyo iliachiliwa tu EPA na idara ya usafirishaji zilipotoa barua kwamba marekebisho yamekubaliwa. Barua hizo mbili zikiwemo kwenye faili, gari lina historia safi, na hata ukihamia jimbo kali utakuwa na pa kuanzia. Zikikosekana, bado gari limepita umri wa misamaha yote miwili ya shirikisho, kwa hiyo hatari ya kunyang'anywa ni ndogo. Lakini bei ishuke kulingana na hilo, nawe usije ukalipeleka California bila kuzungumza kwanza na mwamuzi wa moshi.

Namba ya chasi yenye tarakimu chache

*Mhariri, karani wa ofisi ya usajili ameikataa Toyota Supra yangu niliyoileta kutoka Japani kwa sababu namba ya chasi haifiki tarakimu 17. Nifanyeje?*

Namba ya tarakimu 17 ni sharti la magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu modeli za 1981. Magari ya soko la ndani la Japani hutumia namba fupi yenye kistari katikati, na namba hiyo ndiyo halali. Usikubali mtu yeyote akushauri kuiongezea sifuri mbele ili kompyuta iridhike, kwa kuwa karatasi zako zote zitatofautiana na bati lililo kwenye gari. Rudi ukiwa na cheti cha Kijapani cha kusafirisha gari nje pamoja na tafsiri yake, fomu 7501 iliyogongwa mhuri na forodha, na picha ya namba iliyochongwa kwenye chasi. Mweleze karani kwa upole kwamba gari halikutengenezwa kwa soko la Marekani, na umwombe msimamizi. Mara nyingi karani hajawahi kuliona gari la namna hiyo, na mfumo wake una njia ya kuingiza namba fupi ambayo hajafundishwa.

Kusajili Montana

*Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba mtu anaweza kufungua kampuni Montana, akasajili gari kwa jina la kampuni hiyo, na kuepuka vipimo vyote vya California. Je, njia hii ni salama?*

Kampuni utafunguliwa, na namba utapewa. Kinachokosekana ni haki ya kuliweka gari hilo Los Angeles. Mkaazi wa California anayelitumia na kulilaza gari lake California anatakiwa kulisajili California, hata mmiliki kwenye karatasi akiwa kampuni ya jimbo jingine, na mamlaka za kodi pamoja na polisi wa barabara kuu wameufahamu mtindo huu kwa miaka mingi. Ukikamatwa utadaiwa kodi, ada za nyuma na faini, na mwishowe gari litahitaji kipimo kile kile ulichokikimbia. Bima ni jambo baya zaidi: ukipata ajali na kampuni ya bima ikagundua kwamba gari halilazwi mahali ulipolitaja, inaweza kukataa kulipa.

Kama kweli umechoka na vipimo, hama wewe pamoja na gari. Florida iliacha kupima moshi mwaka 2000, jimbo la Washington likaacha mwanzoni mwa 2020, na Michigan haina kipimo hicho. New York huyasamehe kipimo cha moshi magari yaliyozidi miaka 25 ya modeli, ingawa ukaguzi wa usalama wa kila mwaka unabaki. Ila kabla ya kufungasha, kumbuka kwamba katazo la shirikisho la kuondoa vifaa vya moshi linatumika katika majimbo yote hayo. Katalisti na pampu ya hewa ulizozing'oa ukiwa Florida zitatafutwa tena na mnunuzi wa California siku utakayotaka kuliuza gari, naye atakupunguzia bei kwa kila kilichokosekana, kwa hiyo ukivifungua viandike majina na uviweke stoo.